Figo Zikichoka, Moyo Ndio Hulipa Deni

Mwulize mtu yeyote aliyeambiwa kwamba figo zake zimeanza kuchoka, "Unaogopa nini?" Aghalabu atakujibu kwamba anaogopa mashine ya kusafisha damu: gharama yake, safari zake, na zile saa nne za kulala kitandani mara mbili au tatu kila juma. Hofu hiyo ina haki yake. Lakini madaktari wa figo wanajua jambo ambalo halisemwi sana majumbani. Wagonjwa wengi wa figo hawafiki kwenye mashine hiyo. Moyo huwatangulia. Mshtuko wa moyo, kiharusi, au moyo kushindwa kusukuma damu huwachukua mapema, figo zikiwa bado zinafanya kazi kidogo kidogo. Na kwa wale ambao tayari wamefika kwenye mashine, uwezekano wa kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa umekadiriwa kuwa mara 10 hadi 20 zaidi ya watu wengine.

Jumapili hii basi tuzungumze juu ya ndugu wawili hawa, figo na moyo, na juu ya kitu kinachowaunganisha ambacho wengi wetu tumekisikia kwa jina tu: kolesteroli. Na ili mazungumzo yasielee hewani, twende mahali panapojulikana. Twende Manda.

Kisiwa cha maji ya chumvi

Manda iko ng'ambo ya mji wa Lamu, na ndiko uliko uwanja wa ndege unaowapokea wageni wa Lamu. Msafiri akishuka kwenye ndege hushika mashua na kuvuka, na aghalabu hana habari ya maisha ya kisiwa alichokikanyaga. Shida kubwa ya Manda tangu zamani ni maji matamu. Huko ndiko yalipo magofu ya Takwa, mji wa Waswahili uliostawi kisha ukahamwa katika karne ya 17, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni visima vyake kugeuka chumvi. Hata leo, katika visiwa vya Lamu, tone la mvua ni mali, na watu hujenga majabia ili kuyakinga maji hayo yasipotee.

Upande mwingine wa kisiwa hicho ni Maweni, kijiji ambacho jina lake linajieleza. Watu wa hapo hukata mawe ya matumbawe kwa sururu na mashoka, juani, mawe ambayo hupelekwa kujengea nyumba. Hebu fikiria, msomaji, mtu anayefanya kazi hiyo tangu alfajiri. Anatoka jasho jingi. Maji ya kunywa ni ya kununua au ya kuletwa, kwa hiyo huyapima kwa kikombe. Jioni mgongo unauma, na yamkini atapita dukani kununua vidonge vya maumivu vya jamii ya diklofenaki au ibuprofeni, leo viwili, kesho viwili. Chakula chake, mathalani, ni ugali au wali kwa ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi.

Sisemi kwamba Manda ina wagonjwa wa figo kuliko kwingine. Nasema kwamba mambo yanayozichosha figo yanaweza kukutana hapo katika siku moja ya mtu mmoja: upungufu wa maji mwilini, chumvi nyingi, na dawa za maumivu zinazonywewa bila kuulizwa. Dawa hizo, zikinywewa mfululizo, hupunguza damu inayoingia kwenye figo na hupandisha presha. Ongeza kisukari, au presha isiyojulikana, na njia ya kuelekea kwenye ugonjwa wa figo imeshafunguka.

Kazi ya figo, na zinaposhindwa

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni 1. Kwa siku moja, figo mbili zenye afya huchuja kiasi cha lita 180 za maji kutoka kwenye damu, hurudisha karibu yote mwilini, na kuacha lita 1 au 2 tu zitoke kama mkojo pamoja na taka. Zaidi ya hayo, figo husaidia kuongoza presha, hutunza kiwango cha chumvi na madini, na huuambia mwili utengeneze damu.

Ubaya wa figo ni uvumilivu wake. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo zake asihisi chochote. Hana maumivu, wala mkojo haujakatika. Lakini ndani kwa ndani taka zinabaki kwenye damu, presha inapanda, na moyo unasukuma damu kwa nguvu kuliko ilivyo kawaida yake. Moyo nao ni msuli, na msuli ukibebeshwa mzigo kila siku hunenepa. Kwa mbeba magunia hiyo ni sifa. Kwa moyo ni hatari, kwani moyo mnene hukakamaa na mapigo yake huweza kuvurugika ghafla.

Kutu ndani ya mishipa

Sasa tufike kwenye kolesteroli. Watu wa pwani wanaijua kutu. Msumari wa chuma ukiachwa karibu na bahari hauchukui muda kabla haujavaa rangi nyekundu na kuanza kumomonyoka. Kinachoula msumari ule ni oksijeni, hewa ile ile tunayoivuta ili tuishi, ikisaidiwa na unyevu na chumvi.

Ndani ya miili yetu kuna jambo linalofanana na hilo. Mwili huchoma chakula kwa oksijeni ili upate nguvu, na kila moto hutoa cheche. Cheche hizo ni chembe ndogo kali ambazo zikigusa mafuta, protini au ukuta wa mshipa huviharibu. Mtu mwenye afya ana wazima moto wake: kuna vitu ambavyo mwili hujitengenezea, na vingine hutoka kwenye matunda na mboga. Cheche zikizidi wazima moto, wataalamu husema mwili umeingia katika mkazo wa oksijeni.

Mgonjwa wa figo huumia pande zote mbili. Taka zilizobaki kwenye damu na uvimbe wa ndani usioonekana huongeza cheche. Wakati huo huo wazima moto hupungua, kwa sababu mgonjwa hukatazwa baadhi ya matunda na mboga, na akifika kwenye mashine, mashine huondoa taka pamoja na baadhi ya vitamini.

Kolesteroli yenyewe si sumu. Mwili unaihitaji kujengea chembe zake. Husafirishwa kwenye damu kwa vyombo vya aina mbili. Aina ya kwanza, LDL, huichukua kutoka kwenye ini na kuisambaza mwilini. Aina ya pili, HDL, huizoa iliyozidi na kuirudisha kwenye ini. Ndiyo maana ya kwanza huitwa kolesteroli mbaya na ya pili nzuri.

LDL ikipigwa na cheche hushika kutu. Askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, huiona kuwa ni adui na kuimeza. Huimeza mpaka wenyewe wanajaa mafuta na kukwama kwenye ukuta wa mshipa. Wakikwama wengi, mshipa huwa mwembamba, na siku moja utando ule hupasuka, damu huganda juu yake na njia huzibika. Ikizibika kwenye moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Ikizibika kwenye ubongo, hicho ni kiharusi.

Na HDL, ambayo ingesafisha? Kwa mgonjwa wa figo aghalabu huwa chache, na hata ile iliyopo hupoteza uwezo wake wa kuzoa. Ni kama mfagizi aliyekuja kazini bila ufagio.

Cheti kinachodanganya

Tuseme mzee mmoja wa Maweni, ambaye figo zake zimeshaonekana kuwa na udhaifu, amevuka kwenda Lamu kupimwa damu. Jioni anarudi, na jirani yake kijana anamkuta barazani.

"Shikamoo mzee. Habari za huko?"

"Marahaba mwanangu. Nzuri sana. Cheti kinasema kolesteroli iko sawa. Ile dawa ya presha nadhani nitaipumzisha, na leo mama atanikaangia viazi."

Mzee huyu nimemtunga, lakini maneno yake si mageni kwenu. Na hapo ndipo penye kisa chote cha leo, msomaji. Kwa mgonjwa wa figo, jumla ya kolesteroli inaweza kuonekana ya kawaida, au hata ya chini, hasa kama mtu amekonda na hali vizuri. Cheti huhesabu vyombo tu. Hakisemi ni vingapi vimeshika kutu, wala hakisemi kama wafagizi wana mifagio. Mara nyingi kinachopanda kwa wagonjwa hawa ni mafuta ya aina nyingine yaitwayo trigliseridi. Kwa hiyo neno "sawa" kwenye cheti si ruhusa ya kuacha dawa.

Tena kuna uharibifu mwingine ambao cheti hicho hakiuoni kabisa. Figo zikishindwa kutoa fosfeti, madini ya kalsiamu na fosfeti huganda ndani ya kuta za mishipa. Watu wa Lamu wanajua jinsi matumbawe yanavyochomwa yakawa chokaa ya kupakia kuta. Ukuta wa nyumba ukipakwa chokaa hupendeza. Ukuta wa mshipa ukiingiwa na chokaa hauwezi tena kutanuka na kunywea kila moyo unapopiga.

Dawa ina wakati wake

Mtu atauliza, je, dawa za kushusha kolesteroli, zile za jamii ya statini, zinasaidia? Jibu ni ndiyo, lakini wakati ndio kila kitu.

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao SHARP, uliohusisha wagonjwa wa figo 9,270. Waliopewa statini iitwayo simvastatini pamoja na dawa nyingine iitwayo ezetimibe walipata mishtuko ya moyo, viharusi na matatizo mengine ya mishipa kuziba kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 17, wakilinganishwa na wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hata hivyo tafiti nyingine mbili, za wagonjwa waliokuwa tayari kwenye mashine, hazikuona faida ya maana. Mmoja ulifanywa Ujerumani na kutolewa mwaka 2005, wenye wagonjwa wa kisukari 1,255. Wa pili, ulioitwa AURORA, ulitolewa mwaka 2009 na ulikuwa na wagonjwa 2,776. Kolesteroli yao ilishuka vizuri kabisa, lakini vifo havikupungua.

Kwa nini? Kwa sababu mtu akifika huko, moyo wake mara nyingi haufi kwa mshipa kuziba. Hufa kwa kunenepa, kwa mishipa iliyoingiwa na chokaa, na kwa mapigo kuvurugika ghafla. Mafuta yamekuwa sehemu ndogo ya tatizo. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2013 ulipendekeza kwamba mgonjwa wa figo mwenye umri wa miaka 50 au zaidi, ambaye bado hajafika kwenye mashine, apewe statini hata kama cheti chake si kibaya. Aliyeko kwenye mashine hakushauriwa kuianza, ingawa aliyekuwa akiinywa tangu awali anaweza kuendelea nayo.

Kwa lugha nyepesi, mashua huzibwa nyufa ikiwa pwani. Ikishafika kilindini imejaa maji, kalafati hana la kufanya.

Vidonge vya kuondoa kutu

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapopata riziki yao. Kwa kuwa ubaya ni kutu, watakwambia, basi meza kidonge cha kuondoa kutu. Wazo hilo lina mvuto na wanasayansi wenyewe walilijaribu. Mwaka 2000 utafiti mdogo wa Israel, wa wagonjwa 196 walio kwenye mashine, ulitoa matumaini kuhusu vitamini E. Lakini mwaka huo huo utafiti mkubwa uitwao HOPE, wenye watu zaidi ya 9,000 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo, uliona kwamba vitamini E haikuwakinga. Baadaye wale kati yao wenye udhaifu wa figo walipochunguzwa peke yao, nao hawakuwa wamefaidika.

Kisha ikaja dawa iitwayo bardoxolone, iliyokusudiwa kuamsha wazima moto wa mwili wenyewe. Jaribio lake kwa watu 2,185 wenye kisukari na figo dhaifu sana lilisimamishwa mwaka 2012, kwa sababu waliopewa dawa walikuwa wakishindwa na moyo zaidi ya wale ambao hawakupewa. Basi ikiwa dawa iliyotengenezwa kwa uangalifu wote huo ilileta madhara, chupa isiyo na maelezo inayouzwa sokoni tuitazame kwa jicho gani?

Hata vya shambani si salama kwa sababu tu ni vya shambani. Birimbi tunazozijua kwa achari na mchuzi wa samaki, huko Kerala, India, watu wengine huzikamua na kunywa maji yake wakiamini hushusha kolesteroli. Mwaka 2013 madaktari wa huko waliandika habari za wagonjwa 10 waliokunywa maji makali ya birimbi kwa siku mfululizo, figo zao zikashindwa ghafla, na saba kati yao wakahitaji mashine. Birimbi mbili tatu kwenye mchuzi ni kiungo. Gilasi nzima kila siku ni jambo jingine, kwani tunda hilo lina asidi ya okzaliki ambayo huganda kwenye figo.

Na dafu? Dafu ni burudani ya pwani, lakini lina potasiamu nyingi. Mtu mwenye figo zilizochoka sana hawezi kuitoa potasiamu hiyo, na ikizidi kwenye damu huweza kusimamisha moyo. Mgonjwa wa namna hiyo amwulize daktari wake kabla ya kulifungua.

La kufanya

Kwanza, pimeni. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 uligundua kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha maishani mwao. Kipimo cha presha ni cha dakika chache. Mkojo nao hupimwa kwa kijiti kuona kama una protini, na damu hupimwa kreatinini kujua figo zimebaki na nguvu kiasi gani. Mwenye presha, mwenye kisukari, au mwenye ndugu aliyeugua figo asingoje dalili.

Pili, presha ishushwe na ibaki chini. Madaktari wengi huwataka wagonjwa wa figo wawe chini ya 130 kwa 80. Dawa za jamii ya enalaprili na losartani hushusha presha na pia huzikinga figo, hasa mkojo ukiwa na protini. Dawa hizo hazinywewi kwa siku za kichwa kuuma tu. Ni za kila siku, na damu ipimwe mara kwa mara. Zipo pia dawa mpya za jamii ya dapagliflozini, zilizoanza kama dawa za kisukari. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba huzichelewesha figo kuharibika, hata kwa wasio na kisukari. Ulizia bei yake na kama inakufaa.

Tatu, chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Anayekunywa maji ya kisima chenye chumvi ajue kwamba sehemu ya kijiko hicho ameshaimeza kabla hajagusa chakula. Ng'onda arowekwe na maji yake yamwagwe, na samaki mbichi awe na nafasi kubwa zaidi, achemshwe au apakwe viungo na kuchomwa badala ya kuelea kwenye mafuta. Ukwaju, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vinaweza kulitia sinia ladha bila chumvi.

Nne, dawa za maumivu zisiwe chakula cha jioni. Mwenye figo dhaifu amwambie mwuza dawa hali yake kabla ya kununua chochote. Tano, sigara iachwe kabisa, kwani kila mkupuo ni cheche juu ya cheche, na miraa nayo hupandisha presha na mapigo ya moyo. Sita, ukiwa na ugonjwa wa figo, mwulize daktari swali moja lililo wazi: "Na moyo wangu je? Nahitaji statini?" Usingoje akuambie mwenyewe.

Mengi kati ya hayo hayahitaji mashine wala ndege ya kwenda Nairobi. Yanahitaji mtu kuvuka kupimwa, kunywa vidonge vyake na kupunguza mkono kwenye chumvi. Yule mzee wetu wa kutunga angali na muda, kwa kuwa figo zake bado zinafanya kazi na moyo wake haujanenepa sana. Basi kijana aliye barazani, badala ya kumpongeza kwa cheti na kuondoka, amwambie: "Mzee, hilo la kolesteroli ni jema, lakini kile kidonge cha presha usikiache. Nitakuletea maji umeze." Watu wa Takwa waliona visima vyao vikibadilika na mwishowe wakahama. Mwili hauhamwi, msomaji.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaaliwa.